Sikio la Kushoto na Maji ya Newala

Mmeniuliza mara nyingi, tukila na tukilima, ni kitu gani kilinipata huko juu, nami nimekuwa nikijibu "nitawaeleza" mpaka jibu lenyewe limegeuka mzaha kati yenu. Sasa naeleza. Nimechagua kuandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza, na kwa sababu kuna jambo moja mwishoni ambalo sitaki kulisema huku natazamwa.

Mwanzo wake mnaujua. Homa ya masika ilinilaza siku nane, na nilipoinuka kitandani nyumba haikukubali kusimama. Nikigeuza kichwa kushoto, paa lilizunguka kama pia. Sikio la kushoto lililia nyenje mchana kutwa. Nikitembea nilivutwa upande mmoja, nikaonekana kama mtu aliyetoka kilabuni, na watu wa Masasi wakishapata sababu moja ya kumsema mtu hawaitafuti ya pili.

Padre akaniita. Shule ingefunguliwa tena mwezi wa nane, chini ya paa la nyasi, pale pale ilipochomwa wakati wa vita. Alisema watoto hawawezi kujifunza kwa mwalimu anayeshika ukuta. Nilitaka kumkumbusha kwamba kuta bado hatuna, lakini nilikuwa nimemshika mkono ili nisianguke. Akanipa ruhusa niende kutafuta tiba. Nikirudi mzima kabla ya mwezi wa nane, darasa ni langu. Nikirudi bado nayumba, darasa atapewa Gervasi, tuliyehitimu naye chuo cha Unguja, mtu ambaye hajawahi kuumwa kichwa kwa sababu hakitumii. Mimi nitawekwa kulinda mbao za kujengea kanisa. Miaka sita ya masomo, nilinde mbao.

Padre alinipa pia chupa ya vidonge vya kwinini. Nilivimeza siku tatu, asubuhi na jioni. Nyenje mmoja akawa mwitu mzima wa nyenje, na sakafu ikaanza kuinama hata nikiwa nimekaa. Nikaviacha bila kumwambia. Ikumbukeni chupa hiyo.

MASASI: SAHANI YA ZAFARANI

Sikuwa nimetoka hata mjini wakati tiba ya kwanza iliponikuta. Mjomba wangu Athumani, ndugu wa mama, aliyejitolea kunisindikiza kwa sababu peke yangu nisingefika popote, alinipeleka kwanza kwa Mwalimu Sefu. Ukoo wao umelima na kufanya biashara hapa tangu enzi za misafara, na kila mgonjwa wa mtaa ule amewahi kunywa kombe lake. Aliandika maneno ya kitabu chake kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akayaosha kwa maji yenye marashi, akanipa.

Mimi ni Mkristo, nimewekewa mikono na Askofu. Nilikaa na ile sahani mpaka Mjomba akaanza kusinzia. Nilijiuliza: nikipona, nimshukuru nani? Nisipopona, nimlaumu nani? Nikamwuliza Mwalimu Sefu kama dawa hii inamfanyia kazi mtu asiyeiamini.

"Zafarani haikuulizi dini yako," alisema. "Wewe ndiye unayeiuliza yake."

Nikanywa. Nilipoinama kuvaa viatu dunia ikageuka, nikatapika pale getini, na nusu ya njia nikawa nahesabu kama tiba iliyotapikwa ni nusu tiba au si tiba kabisa. Siku ya tatu nilikuwa vile vile. Mwalimu Sefu hakuona haya hata kidogo. Alisema ugonjwa huu si wa maandishi, ni wa mdudu, na fundi wa wadudu yuko Chiwata. Baadaye niligundua kwamba katika safari yote hii, ujuzi mkubwa wa kila mganga ulikuwa kumjua mganga mwingine aliye mbali zaidi.

CHIWATA: PEMBE

Chiwata haiko njiani kwenda Newala. Najua, tena nilijua wakati ule, lakini wakati ule sikuwa nakwenda Newala. Nilikuwa nakwenda kupona.

Tulitembea polepole sana. Nilikuwa nimegundua kwamba nikikazia macho kisogo cha Mjomba njia inatulia kidogo, kwa hiyo nimeiona Chiwata yote kupitia kisogo cha mzee mmoja. Tatizo la Mjomba ni kwamba hawezi kusema bila kugeuka. Kila alipogeuka kunisimulia habari ya shamba la mtu fulani, nilipotelea majanini.

Fundi wa chuku alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani. Alinichanja nyuma ya sikio, akabandika pembe, akavuta hewa kwa mdomo, akaziba tundu kwa nta. Alipoibandua, alitema kitu kiganjani na kumwonyesha Mjomba. Alikuwa mende wa mavi, mkubwa kama punje ya buni, amekauka, ana utando wa buibui mguuni.

Nilimwuliza mdudu wa ukubwa ule alipitaje kwenye tundu la sikio.

"Aliingia akiwa mdogo," alisema Fundi.

Mjomba akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mimi nikainuka kuonyesha kwamba sijapona, nikafanikiwa kupita kiasi, nikaangukia tenga la kuku. Fundi aliwakusanya kuku wake bila hasira. Akaeleza kwamba mende yule alikuwa na mke, naye bado yumo, kwa hiyo nirudi kesho. Nilikataa. Mjomba alinilaumu siku nzima kwa kumwacha mjane sikioni.

Mniulize kwa nini nilikubali kuchanjwa, mimi niliyefundishwa mifupa ya sikio kwa picha ubaoni. Nilikubali kwa sababu picha ile ilikuwa na majina mazuri ya mifupa lakini haikuwa na tiba.

CHIUNGUTWA: DAFTARI

Mtu mmoja wa Chiwata alituambia Newala yuko bibi anayetibu vichwa, tu. Hakujua jina. Kwa maneno hayo matatu tulirudi nyuma tukashika njia ya Chiungutwa, na huko tukakwama siku mbili kwa kosa langu.

Mnaijua tabia yangu ya kuandika. Nilikuwa nimebeba daftari, naandika kila kizunguzungu: saa, upande, nimekula nini. Tulipoingia kijijini nilikuwa nimesimama kati ya nyumba, kalamu mkononi, nageuza kichwa taratibu huku na huku ili nione ni upande gani unaanza. Mtu aliyetazama kwa mbali alimwona kijana wa viatu anazihesabu nyumba. Tangu kodi ya Mdachi ianze, kijana wa viatu anayehesabu nyumba ni karani wa boma, na baada ya vita hakuna aliyesubiri kumwuliza. Tulipofika uwanjani moto ulikuwa unawaka, sufuria zimeondolewa, watu hakuna. Alibaki babu mmoja asiyeona vizuri. Nilimpa shikamoo mara tatu. Mara tatu alijibu, "Tumeshalipa."

Siku ya kwanza hatukula kitu. Jioni yake nilijaribu kueleza kwa sauti, nikiyaelekea mashamba ya mihogo, kwamba mimi ni mgonjwa tu. Mjomba alisema hata yeye asingetoka kwa maneno yale. Asubuhi nilikwenda kisimani, nikainama, nikaanguka kifudifudi matopeni. Kichakani akacheka mtu.

"Huyu si karani," ilisema sauti ya mwanamke. "Karani huanguka kwa pombe. Huyu hanuki."

Ndiye Mama Zuhura, mjane, mwenye nyumba mbili na ulimi wa kutosha nyumba kumi. Ndani ya saa moja kijiji kizima kilikuwa kimerudi kutucheka. Alitupikia ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini wanavyochimba wakati wa shida, na juu yake panya mmoja wa kukaangwa, mwenye mkia wake. Nilimtazama yule panya muda mrefu. Nilikuwa nafikiri kwamba mwaka ule wa njaa panya mzima ni zawadi kubwa, na kwamba nikikataa namtukana, na kwamba nikila pengine sikio litazidi. Nilipomaliza kufikiri Mjomba alikuwa ameshamla.

Mama Zuhura naye alinitibu. Alinifunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka, nikafuka mpaka nikaanza kusikia moyo wangu ndani ya sikio. Nilitoka nimelowa, nanukia vizuri, na nayumba. Alinitazama nikivuka uwanja.

"Haikusaidia," alisema. "Naona."

Niwaambieni ukweli, katika waganga wote wenye mimea, pembe, sahani na chupa, huyu tu ndiye aliyetazama kama mgonjwa amepona kabla ya kusema amepona. Ndiye pia aliyelijua jina: Bibi Nantanga wa Newala. Mjomba Athumani alitazama mlima uliokuwa mbele yetu, akatazama nyumba mbili za Mama Zuhura, akakumbuka kwamba magoti yake yanauma. Alinibariki, akabaki.

KUPANDA

Mlioko bondeni mnauona uwanda wa Makonde kama ukuta wa buluu tu. Ukifika chini yake ni njia nyembamba inayojipinda kati ya miamba, na juu kote hakuna maji. Udongo wa huko unakunywa mvua yote, hauachi hata kidimbwi. Kila tone wanalonywa Newala linatekwa chini, kwenye chemchemi, na linapanda kichwani mwa mwanamke.

Kwa hiyo njia ile ilikuwa imejaa wanawake. Wa kushuka wana mitungi mitupu, wa kupanda mitungi imejaa, mikono wameining'iniza, wanasengenya watu kwa Kimakonde bila kuhema. Katikati yao nilikuwa mimi, natambaa. Sisemi kwa kupamba maneno. Nilikuwa nimeweka magoti na viganja chini, kwa sababu kila nilipotazama ukingo, bonde liliinuka kuja kunichukua.

Mwanamke mmoja mrefu alisimama juu yangu na mtungi wake haukutikisika. Aliitwa Mama Fatu.

"Kaka, umeangusha nini?" aliuliza. "Tukusaidie kutafuta."

Nilimwambia ninaumwa kizunguzungu, nakwenda kwa Bibi Nantanga. Alipiga kelele kwa lugha yao kwa wenzake walioko juu, na kicheko kikapanda njia nzima, kona baada ya kona, kikafika Newala saa mbili kabla yangu.

NEWALA: MTUNGI

Bibi Nantanga alikuwa amekaa barazani, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Ulikuwa umevimba toka goti hadi vidole, ngozi inang'aa. Mdomo wa juu alivaa ndonya, kile kipande cha mti cha urembo wa wanawake wa zamani wa huko, na kiliruka kila aliposema, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa nasikiliza ndonya badala ya maneno.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu. Wewe ndiye uliyetambaa?"

Hakunigusa sikio. Hakuuliza kuhusu majini wala wadudu. Aliniambia nigeuze kichwa kushoto, nikageuza, nikashika nguzo. Nigeuze kulia. Nitembee mpaka kwenye mti na kurudi. Kisha akataja masharti. Dawa yake ni mizizi. Mizizi inachemshwa kwa maji aliyoyateka mgonjwa mwenyewe. Maji hayo lazima yapande kichwani, mikono isishike mtungi ila mahali pabaya kabisa, na macho yatazame mbele. Mtungi mmoja kila siku. Akinikubalia kwamba nimepona, nitaondoka.

Nilimwambia kwetu mwanamume habebi maji kichwani.

"Na kwetu," alisema. "Ndiyo maana ni dawa."

Nililala nyumbani kwa kaka yake, na kesho yake alfajiri, ukungu umetanda, nilishuka na Mama Fatu na wenziwe kama saba. Walinisokotea kata ya majani ya kuwekea mtungi kichwani. Walinitwisha. Hatua ya kwanza nilikunywa maji kwa kola ya shati. Nilipofika juu mtungi ulikuwa na maji ya kunawa uso. Bibi aliuchungulia, akachota kikombe kimoja, akachemshia mizizi, nikanywa. Kilikuwa kichungu, na hakikunifanya kitu. Maji yaliyobaki akayamimina kwenye gudulia lake.

Hilo la gudulia niliona siku ya kwanza, nikaliandika. Siku ya pili vile vile: kikombe kwangu, mtungi kwake. Siku ya tatu alikuja mgonjwa mwingine, mzee wa kiuno, naye akapewa masharti hayo hayo ya maji, ila yeye alitumia punda. Nilikaa nikafikiri. Hapa palikuwa na mwanamke asiyeweza kushuka bondeni, katika mji usio na maji, na dawa yake ilihitaji kikombe kimoja katika kila mtungi. Mende wa Chiwata, kwa kulinganisha, alikuwa udanganyifu wa kitoto. Nilidharau uwanda mzima. Nilijidharau zaidi mimi, msomi wa Unguja, niliyepanda mlima kwa magoti ili niwe mchota maji wa bibi kizee.

Basi kwa nini sikuondoka? Kwa sababu nilihesabu siku hadi mwezi wa nane na sikuwa na mganga mwingine wa kwenda. Kwa sababu niliona haya kukutana na Gervasi. Na kwa sababu Mama Fatu aliweka dau na wenzake kwamba haitafika siku nitakayobeba mtungi bila kumwaga.

Wanawake wale hawakunihurumia hata siku moja. Nikimwaga waliniuliza kama nanyweshea njia ili iote. Nikishika mtungi kwa mikono miwili waliniuliza kama ni mtungi au mchumba. Lakini pia waliniambia mambo ambayo chuoni sikuyasikia: nisitazame miguu, nitazame mti wa mbali, shingo iwe ndefu, kichwa kinapotaka kukimbia nisikifuate, nisimame mpaka kirudi. Mama Fatu alisema mabinti wao wote huanza hivi, wanayumba, wanamwaga, wanalia, halafu siku moja kichwa kinajifunza. Niliandika kwamba ni maneno ya kupoteza muda njiani.

SHAUSHI

Siku ya kumi na sita nilifika juu nikakuta askari watatu wameketi barazani kwa Bibi. Mkubwa wao alikuwa shaushi, yaani sajini wa Mdachi, kutoka mbali, Mnubi, Kiswahili chake kimenyooka kama amri.

Mtu alikuwa amepeleka habari kwao kwamba Newala yuko mganga, na wageni wanampelekea maji kwa mitungi, naye anayachanganya na mizizi na kuwanywesha. Ninyi mliokuwa hapa vita ilipopita mnajua maneno hayo yana uzito gani. Watu wangapi walinyweshwa maji yenye mizizi, wakaambiwa risasi zitayeyuka? Na wangapi walinyongwa baadaye kwa kuyagawa? Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya shaushi, mtungi kichwani, na jambo hilo halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Nimefikiri kila kitu katika safari hii. Hilo sikulifikiri.

Aliniuliza mimi ni nani. Nilisema mwalimu wa misheni, Masasi.

"Mwalimu wa misheni anabeba maji kama mwanamke," alisema, "kumpelekea mganga. Kwa nini?"

Nilisema ninaumwa kizunguzungu. Hata mimi nilisikia ni uongo mbaya kiasi gani. Mtu mwenye kizunguzungu, juu ya ukingo wa mlima, na mtungi umejaa mpaka mdomoni. Bibi Nantanga alisema yale ni maji yake ya kunywa na kupikia, basi. Shaushi akamwamuru ombasha wake, askari aliyemfuata kwa cheo, avunje gudulia.

Hapo ndipo Mama Fatu alipotua mtungi wake. Alisimama kati ya ombasha na gudulia na akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata.

"Vita?" alisema. "Na huyu? Bwana Shaushi, huyu wiki mbili nzima amekuwa akimwaga. Amewamwagia siafu wote wa mlima. Kama ni dawa ya vita, basi siafu ndio watakaokuja kukupiga."

Askari mdogo alicheka, akanyamaza alipotazamwa. Shaushi hakucheka, lakini alifikiri, nami namheshimu kwa hilo. Alichora mstari mchangani kwa kiboko, toka barazani mpaka kwenye mti na kurudi. Alisema kama kweli nimeubeba kila siku kwa ajili ya ugonjwa, kichwa changu kitakuwa kimeshazoea mtungi. Kama nimeutwishwa leo ili kumdanganya, nitamwaga. Nikimwaga, mimi na bibi tunakwenda naye bomani.

Nilitembea. Nilitazama mti. Kwenye mti nilipaswa kugeuka, nami nikageukia kushoto, kwa sababu mstari ulipinda kushoto, na nilikuwa nusu ya njia ya kurudi ndipo nilipotambua nimegeukia upande gani. Nyumba zilikuwa zimesimama. Bibi alikuwa amesimama wima mahali pake, yaani amekaa, lakini hakuzunguka. Nilifika barazani, Mama Fatu akautua mtungi, akaweka kidole ndani kuonyesha maji yamefika wapi.

"Leo hakumwaga," aliwaambia wenzake, na alionekana amekasirika kidogo, kwa sababu ya lile dau.

Shaushi alikunywa kikombe cha maji yale, akaamuru gudulia liachwe, akaondoka.

Walipotoweka nilimkabili Bibi. Nilimwambia najua. Mizizi si dawa. Alitaka maji tu.

"Mguu wangu umekufa mwaka wa tatu sasa," alisema. "Mkwe wangu aliyekuwa akinitekea alichukuliwa na njaa ya vita. Ninakunywa nini? Wagonjwa ndio miguu yangu." Ndonya ilitulia. "Lakini mwenye tumbo simtumi maji, mjukuu. Mwenye homa simtumi. Yule mzee wa punda nilimtuma kwa sababu ni bahili. Wewe nilikutuma kwa sababu nimewaona wasichana wanaojifunza mtungi."

"Na mizizi?"

"Usingeteka maji kwa neno tupu. Wewe umesoma."

KURUDI

Nilishuka kwa miguu miwili. Chiungutwa nilimkuta Mjomba anaezeka nyumba ya pili ya Mama Zuhura, magoti yamepona. Hakutaka kusikia habari za sikio.

Nilifika Masasi siku nne kabla ya mwezi wa nane. Padre alinipokea mbele ya kanisa, yaani mbele ya nguzo nyeusi zilizobaki. Akaniambia nisimame mguu mmoja. Nikasimama. Nigeuke. Nikageuka. Alifurahi kwa dhati, akashika kalamu, akauliza: "Ni dawa gani?"

Nilitazama zile nguzo. Neno nililotakiwa kulisema ni maji. Maji ya mganga, niliyoyabeba mwenyewe kilimani. Mbele ya kanisa lililochomwa na watu walionyweshwa maji ya mganga, kwa Mzungu, na Gervasi amesimama hatua tatu nyuma yake.

"Kwinini, Padre," nilisema.

Aliandika. Darasa likawa langu. Mmekuwa mkinipongeza tangu siku ile.

Na hili ndilo lile jambo. Mnamjua mzee Petro, mpiga kengele. Baada ya mavuno naye alianza kuyumba kidogo, na Padre, ambaye sasa ana ushahidi ulioandikwa, amempa kwinini ya kumeza asubuhi na jioni, chupa ile ile niliyoirudisha. Wiki iliyopita kengele ya sala ilipigwa mara mbili, mkacheka kwamba mzee amezeeka. Nilikwenda kumwuliza. Aliniambia hajui tena ameipiga au hajaipiga, kwa sababu sikioni kengele inalia muda wote. Alinishukuru. Alisema anavumilia kwa sababu ameambiwa mimi nilipona hivyo hivyo.

Nimewacheka wote, mwenye sahani, mwenye pembe, mwenye mizizi. Hakuna kati yao aliyemdhuru mtu kama nilivyomdhuru mimi kwa neno moja, tena mimi ndiye niliyesoma.

Nimetoka kwa Padre jioni hii. Nimesema maji. Akauliza chupa iko wapi. Habari ya darasa bado hajaamua, na Gervasi, nimeambiwa, anapiga pasi kanzu. Kengele ya kesho ikichelewa msiulize. Mpigaji na mwalimu watakuwa mtoni na mtungi mmoja kwa zamu, na mmoja wao atakuwa amelowa.